Saa Aliyoichora Mama Julie

Mkasi wa Mama Julie ulipotea Jumanne, na kufikia Alhamisi ulikuwa umeshapata mwizi.

Haukuwa mkasi wa kuazimana. Ulikuwa mkasi mkubwa wa chuma cheusi, mzito kiasi cha kumchosha asiyeuzoea, ambao marehemu mumewe, Barthélemy, aliununua mwaka alioanza kazi kiwandani. Kwa mkasi huo Mama Julie alikuwa amekata nguo za harusi, za ubatizo na za msiba katika mtaa wa Kikula kwa miaka arobaini. Sasa ulikuwa mwezi wa nane, wamama wa parokia walikuwa wameshaleta vitenge vyao vya sikukuu ya Bikira Maria, na fundi hakuwa na mkasi.

“Mu hii nyumba kuko muntu mumoja tu asiye wa damu yetu,” alisema Jenny, binti mkubwa wa Mama Julie, aliyekuwa na nyumba yake barabara mbili kutoka hapo na bado akaiendesha hii kama yake. “Minye sitaji jina.”

Hakulitaja kweli. Aliingia chumbani kwa Joëlle, mke wa mdogo wake Guy, akatoka na begi lake na kulimwaga uani, mbele ya wateja wawili waliokaa kwenye benchi wakingoja kupimwa. Zikaanguka nguo za ndani, rozari, chanuo, na picha ya baba yake Joëlle akiwa kijana. Mkasi haukuwemo. Mmoja wa wateja akageuza uso kwa heshima, mwingine hakugeuza.

“Ameshauza,” alisema Jenny.

Joëlle alipiga magoti, akaokota vitu vyake kimoja kimoja. Alimtazama mama mkwe wake, aliyekaa mbele ya cherehani mikono mapajani. Miaka sita walikuwa wamekaa pamoja kwenye mashine ile, mmoja akikata na mwingine akipiga pindo, na tangu msimu wa mvua Joëlle ndiye aliyetafuta kila kilichopotea: futi ya kupimia, daftari la vipimo, na ndiye aliyerekebisha mikono ya blauzi iliyokatwa yote ya upande mmoja. Kila mara Mama Julie aliuliza, “Joëlle, uliiweka wapi?” na kila mara Joëlle akatafuta mpaka akapata, bila kujibu kwamba si yeye aliyeweka. Sasa aliona kwamba huko kupata kwake ndiko kulikomponza. Anayepata kila kitu, watu husema, anajua alikificha wapi.

Mama Julie hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu, “Jenny, acha begi ya mutoto,” lakini kwa sauti ndogo, na Jenny hakuwa mtu wa kusikia sauti ndogo.

Jioni Guy alirudi kutoka machimbo ya Kakontwe, kope zake nyeupe kwa vumbi la chokaa. Alikula bukari, ugali wake wa jioni, bila kumtazama mkewe. Halafu akasema:

“Joëlle, kama uliichukua, sema tu. Itaisha.”

“Nitafanya nini na makasi, Guy? Nitaipika na majani ya sombe?”

“Jenny ameshaita Baba Mukubwa Séraphin. Dimanche familia banakaa. Na baba yako ameitwa pia.”

Joëlle akaweka chini sahani aliyokuwa akiosha. Baba akiitwa Jumapili, maana yake ni moja: anaitwa kumchukua mtoto wake. Angerudi Mulungwishi na jina la mwizi, na huko baba yake alikuwa mlinzi wa shule, kazi ambayo mtu hupewa kwa sababu ya jina lake jema tu.

“Na weye,” aliuliza, “utakuwa upande gani?”

Guy alinawa mikono muda mrefu kuliko vumbi lilivyohitaji.

*

Ijumaa ilikuwa siku ya Mama Julie ya kupimwa presha kwenye kituo cha afya. Guy alikuwa na mapumziko, akaenda. Jenny hakuitwa, akaenda. Joëlle alibeba mfuko wa maji na mkate. Walipofika mlangoni pa chumba cha muuguzi Jenny akanyoosha mkono, akazuia.

“Weye ngojea inje. Mule kuko vitu vya bantu.”

Joëlle akazunguka nyumba, akasimama chini ya dirisha lisilo na kioo, mfuko kichwani. Kutoka hapo aliona kila kitu, na hakuna aliyemkumbuka.

Muuguzi alikuwa Kadidja, mtoto wa wafanyabiashara waliotoka mashariki zamani, mwenye kitambaa cha rangi ya majani kichwani na sauti isiyokuwa na haraka. Alipima presha, akaandika, kisha akatoa kwenye droo tableti, kioo cha kuchorea, na kalamu yake.

“Mama, leo tuko na kazi ingine. Kila muntu muzee, wa miaka soixante na zaidi, tunamuomba achore.”

“Achore?” alisema Jenny. “Mama yangu haiko mutoto mudogo wa masomo ya maternelle.”

“Asubuhi kulikuya directeur muzima wa masomo. Alichora mubaya kushinda batoto bake.”

Mama Julie akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. “Leta. Hii kioo haipasuke?”

“Haipasuke, mama. Chora saa, kama ile ya ku ukuta. Weka namba zote. Halafu weka mishale, inaonyesha onze heures dix, saa tano na dakika kumi.”

Mama Julie alipangusa kioo kwa kiganja, kama alivyopangusa kitenge kabla ya kukiwekea chaki. Akakiinamisha kidogo. Akaweka kalamu kwenye ukingo wa kushoto, juu kabisa, akaiteremsha kwa mzunguko mmoja mpana hadi kwenye ukingo uleule, chini. Mstari haukutetemeka. Akaandika kumi na mbili, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Akachora mshale mmoja kwenda kwenye mbili. Akaweka kalamu chini kama mtu aliyemaliza.

Kwenye kioo kulikuwa na nusu ya saa, iliyonyooka upande mmoja kama iliyokatwa kwa kisu.

“Mama,” alisema Kadidja polepole, “upande wa pili iko wapi?”

Mama Julie alimtazama kwa mshangao. “Iko kule chini.”

“Chini ya nini?”

“Chini! Weye unatumikaka kazi gani, mutoto?”

Jenny akashika kinywa. “Mungu wangu. Guy, unaona? Unaona vile bibi yako Joëlle amemufanya mama?” Guy alikuwa ameshika ukingo wa meza, na vumbi la Kakontwe lililobaki kwenye kucha zake lilionekana jeupe sana.

Ndipo sauti ikatoka dirishani.

“Amekunja.”

Wote wakageuka. Joëlle alikuwa ameutua mfuko kutoka kichwani, ameupakata kifuani kama mtoto.

“Pardon, Madame. Mama ni fundi. Hatuchorake nguo nzima. Unakunja kikwembe katikati, unaweka kikunjo upande wa mukono wa kushoto, unachora nusu, unakata. Ukifungua, ile ingine inatoka yenyewe. Ule ukingo wa kioo, ameufanya kikunjo.”

“Eh!” alisema Mama Julie. “Si ndiyo nasema? Iko kule chini.”

Kadidja alitazama kioo, akamtazama mwanamke aliye dirishani, halafu akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekuwa karibu kuandika kosa. “Miezi tatu niko nachoresha bantu,” alisema, “na bado niko najifunza. Ingia, mama. Kwa nini uko inje?”

Joëlle akaingia, akakaa kwenye kiti alichoonyeshwa. Jenny akasogeza mkoba wake upande wa pili, polepole, ili kila mtu aone.

“Mama Julie, turudie. Hapa hakuna kukunja. Kikwembe kiko wazi, chote.”

Mara hii alichora duara zima, limefungwa vizuri hivi kwamba hukuweza kuona mstari ulianzia wapi. Namba kumi na mbili zikakaa mahali pake. Mshale mfupi ukaelekea kumi na moja, mrefu ukaelekea mbili. Guy akapiga makofi mawili, akaona haya, akaacha.

“Voilà,” alisema Jenny. “Mama iko muzima. Basi sasa turudi ku mambo ya mwizi.”

Lakini Kadidja hakuwa akiitazama picha. Alikuwa akisoma kitu chini yake, na uso wake ulikuwa umetulia tena.

“Mama, unaruhusu nikuonyeshe kitu? Hii machine haiangalie tu vile saa imetoka. Inaangalia kalamu ilipita wapi, na ilisimama wapi.”

Akagusa kioo. Duara likafutika, kisha likaanza kujichora upya, bila mkono. Mstari ulizunguka. Namba zikaja: kumi na mbili, moja, mbili, tatu, nne, tano. Halafu nukta, ncha ya kalamu, ikasimama.

Ikaendelea kusimama. Kwenye korido mtoto alilia, akabembelezwa, akanyamaza, na nukta ilikuwa bado palepale. Kisha ikatangatanga juu ya kioo, ikashuka mahali pa kumi, ikagusa, ikaruka. Ikarudi. Ndipo ikaja sita. Na kabla ya mishale ilisimama tena, mara hii kwa muda mrefu zaidi.

Guy alikuwa chumbani humo wakati mama yake akichora, na hakuona kitu. Alikuwa ametazama mistari. Mstari wa Mama Julie ulijua kazi yake. Mkono uliofanya kazi miaka arobaini ungeweza kumfichia mtu yeyote siri.

“Rudisha,” alisema Mama Julie.

Kadidja akarudisha. Mama Julie aliinama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akaweka kidole penye ile nukta iliyosimama.

“Hapa. Hapa nilipoteaka.”

“Mama, ulikuwa unafikiri tu,” alisema Guy.

“Hapana, Guy. Kufikiri najua.”

Kadidja akavuta kiti chake karibu. “Mama, nisikilize muzuri. Hii haiko hukumu. Inagonga tu mulango. Daktari anakuya siku ya mercredi, wiki inakuya, ataangalia damu, presha, usingizi, macho. Inaweza kuwa kitu kingine kabisa, kitu cha dawa. Inaweza pia kuwa ugonjwa wa kusahau, na kama ni ule, basi uko mwanzo.”

“Na kuko dawa ya kuuondoa?” aliuliza Jenny.

“Ya kuuondoa, hapana.”

“Alors kujua mapema ni ya kazi gani? Kumutesa tu!”

Kadidja alimgeukia Mama Julie. “Mama bado iko hapa. Mumuulize yeye.”

Hawakumuuliza. Mama Julie mwenyewe aliinuka, akakunja kitambaa chake, akashukuru. Walipokuwa wakirudi, Jenny mbele akizungumza na Guy kwa ukali, Joëlle nyuma na mfuko, Mama Julie alisimama katikati ya barabara mpaka Joëlle akamfikia. Akamshika mkono. Wakaenda hivyo mpaka nyumbani.

*

Jumapili baada ya misa, Baba Mukubwa Séraphin, kaka yake marehemu Barthélemy, alikaa kwenye kiti chenye mikono. Didier, baba yake Joëlle, alikuwa ameondoka Mulungwishi alfajiri kwa baiskeli. Aliiegemeza ukutani, nyuma alikuwa amefunga kamba mpya za mpira, za kubebea mizigo ya binti yake. Alikaa kwenye nusu ya kiti, kofia magotini, kama mtu anayengoja kuambiwa asimame.

Jenny alisema yote. Alitaja mkasi, daftari, futi, mikono ya blauzi. Alisema vizuri, hata Séraphin akawa anatikisa kichwa kwa kukubali. Alipomaliza, Didier akainuka.

“Kama mutoto wangu alifanya hivyo,” alisema, “minye naomba…”

“Kaa, Papa Didier,” alisema Mama Julie. “Usiombe kitu.”

Alisimama. Akaingiza mkono shingoni, akavua kamba yenye ufunguo, akaiweka mkononi mwa Didier. “Ingia kule chumba changu. Chini ya kitanda kuko sanduku. Leta, ufungue hapa.”

“Mama!” alisema Jenny. Katika sanduku lile hata yeye hakuwahi kutia mkono.

Didier akalileta, akalifungua kwa vidole vizito. Juu kulikuwa na kitenge cheupe ambacho Mama Julie alijiwekea kwa siku ya kuzikwa kwake. Chini yake, picha ya Barthélemy na vyeti vya ubatizo. Juu ya vyeti, mkasi.

Uani kuku walisikika wakichakura.

“Ule ufunguo uko ku shingo yangu toka Barthélemy alikufaka,” alisema Mama Julie. “Ku kuoga, ku kulala. Joëlle hajaushikaka hata siku moja.”

“Labda ulisahau tu, mara moja…” alianza Séraphin.

“Ngoja, Séraphin, sijamaliza. Mubaya zaidi iko mbele. Vendredi asubuhi, ile siku ya presha, nilifungua sanduku kutafuta fishi, karatasi yangu ya hopitali. Nikaiona makasi. Niliiona, na nikafunga.” Alimgeukia Didier. “Niliogopa. Nikajiambia, kama Joëlle haikuiba, basi ni minye. Ni kichwa yangu. Na nilipenda afazali yeye aitwe mwizi kuliko minye niitwe… sijue wataniita namna gani. Ile ndiyo niliyofanya. Mutoto aliyenipikia miaka sita, niliacha begi yake imwagwe mbele ya bantu.”

Joëlle alikuwa akitazama sakafu. Machozi yalianguka kwenye miguu yake na hakuyafuta.

“Pale ku hopitali,” Mama Julie aliendelea, “nilikuwa nimewachanganya bote. Mulimuona fundi muzuri. Ile kioo tu ndiyo ilikataa kudanganywa. Kioo, na Joëlle, mwenye aliniteteaka hata pale nilikuwa nimemutupa. Donc sikilizeni. Daktari atasema yake mercredi, lakini minye nasema yangu leo, sababu leo niko nayo akili. Siku itafika nitaita tena Joëlle mwizi. Nitapiga kelele, nitalia, nitaapa. Ile siku musinisikilize. Musikilize minye wa leo. Andika, Séraphin.”

“Niandike nini, Julie?”

“Kwamba Joëlle hajaiba kitu mu hii nyumba. Kama akitaka kuondoka, aondoke na heshima. Akitaka kubaki, kazi ya kukata ni yake, na makasi ni yake. Weka tarehe. Nitasaini.”

Séraphin akaandika katika daftari la familia, lile la vifo na mahari. Mama Julie alisoma kila mstari, akifuata kwa kidole, akarekebisha neno moja, akasaini. Wakati wa kusaini kalamu ilisimama hewani. Wote sasa waliiona. Hakuna aliyemharakisha, na jina lake likatoka zima.

Guy aliinuka, akamwendea baba mkwe wake, akapiga magoti. “Simama,” alisema Didier. “Bibi yako ndiye wa kumuangukia.” Na Guy akageuka, akiwa bado magotini, mbele ya watu wote.

Jenny alichukua mkoba wake. Alisema ana samaki motoni.

Alasiri Didier alirudi Mulungwishi. Kamba mpya za mpira zilibaki zimefungwa kwenye baiskeli, hazikubeba kitu.

*

Daktari alithibitisha baada ya vipimo vya damu na safari moja ya Lubumbashi. Ulikuwa ule ugonjwa, na ulikuwa mwanzo, kama Kadidja alivyosema. Mama Julie alipata karibu mwaka mzima wa akili wazi. Katika mwaka huo alimfundisha Joëlle kola za mapadri na suruali za wanaume wenye matumbo, akawaambia wateja mmoja mmoja kwa mdomo wake, “Sasa fundi ni huyu, minye niko nasahau,” bila aibu, kama mtu anayesema ana mafua. Wengine waliondoka. Wengi walibaki.

Halafu ikafika ile siku. Ilikuwa wiki moja kabla ya sikukuu ya Bikira Maria, benchi limejaa wamama wa parokia, Jenny naye ameketi kwenye ngazi akisafisha samaki wake. Joëlle alikuwa anakata, mkasi mweusi ukisema kwenye meza. Mama Julie alitoka chumbani, akautazama ule mkasi, akamtazama aliyeushika, na uso wake ukageuka.

“Mwizi! Huyu mwanamuke ni nani? Ameiba makasi ya bwana yangu! Jenny! Jenny, ita bantu!”

Joëlle akaweka mkasi mezani taratibu, akarudi nyuma hatua moja, mikono wazi. Alikuwa amejiandaa kwa siku hii tangu Jumapili ile.

Jenny aliinuka kwenye ngazi. Magamba ya samaki yalimng'aa mikononi. Wote walikuwa wakimtazama yeye. Alipita katikati ya benchi, akauchukua mkasi, akapiga magoti mbele ya mama yake.

“Si yeye, mama,” alisema. “Ni minye. Minye niliichukua.”

Mama Julie alimkazia macho. “Weye, Jenny?”

“Minye.”

“Na ukaacha mutoto wa benyewe aitwe mwizi?”

Jenny akainamisha kichwa. “Ndiyo, mama. Niliacha.”

“Haya, muombe pardon. Sasa hivi, mbele ya hawa bamama. Na uombe muzuri.”

Jenny akamgeukia Joëlle, bado magotini. Kisha akaomba vizuri, kama alivyoambiwa na mama yake.